Siku Nilipomkataza Mama Kusoma

Nakumbuka Jumatano moja ya likizo ya Agosti, mwanangu, siku ambayo mdomo wangu ulitoka mbio ukaiacha akili ikitafuta viatu.

Usicheke nikikuita mwanangu. Najua mimi niko kidato cha tatu na wewe umeingia shule hii juzi, sanduku lako bado linanuka rangi. Lakini kwetu Mbeere mtu hahesabiwi miaka peke yake. Mimi ni binti wa pili, na binti wa pili hupewa jina la mama mzaa mama. Shosho yangu wa Kiambere ni Igoki, mimi ni Igoki, na kwa hesabu za nyumbani sisi ni mtu mmoja. Mama mzazi mwenyewe huniita "Mama." Asubuhi ananiuliza kwa heshima kama nimelala vizuri, halafu ananituma maji. Sasa mtu aliyezaliwa akiwa tayari na binti wa miaka thelathini, utamwambia nini? Keti nikuambie.

Mama ni mwalimu. Shule yake iko karibu na Kiritiri, na darasa lake ni lile la mwisho kabisa, la watoto wenye mahitaji maalum. Wengine hawasikii, wengine hawasemi, wengine wanasema siku nzima bila kupumua kama mimi. Amekaa nao miaka kumi na minne. Alianza na cheti, akajisomea digrii likizo baada ya likizo, na mwezi wa saba ikaja barua kutoka chuo kikuu kimoja kule Meru: amepata nafasi ya shahada ya uzamili, ile watu huita masta, katika elimu ya watoto hao hao. Masomo ni wakati wa likizo, miaka miwili au zaidi. Ajibu kwa simu kama anakubali au hapana, mwisho Ijumaa saa kumi na moja jioni. Akikosa, nafasi inaenda kwa mwingine.

Wiki mbili alizunguka ile barua kama kuku anayezunguka nyoka. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Walimu wenzake walimwambia masta haitampandisha cheo, itampandisha presha. Baba alisema, "Uamuzi ni wako, Mwalimu," akaenda kuangalia mbuzi. Baba akiogopa jambo, mbuzi huangaliwa sana.

Basi ile Jumatano tulikuwa uani tunapepeta ndengu: mama, mimi, tata Wanja ambaye ni dada yake mkubwa, na jirani yetu Mama Ireri. Mama Ireri ndiye aliyechokoza.

"Mwalimu, na hiyo masta? Utaenda ama utazeeka ukiifikiria?"

Mama akacheka kidogo. Akaweka uteo chini, akanigeukia. "Tumuulize mwenye jina. Mama, binti yako amepata nafasi ya kusoma. Niende, nisiende?"

Elewa kwamba huu mchezo ni wa kila siku kwetu. Akitaka kwenda sokoni ananiomba ruhusa, namruhusu, nadai mandazi. Lakini siku hiyo aliponiuliza alinitazama sekunde mbili zaidi. Niliziona hizo sekunde, mwanangu. Niliziona nikaziruka, kwa sababu nilikuwa na watazamaji watatu na leso karibu.

Nikajifunga ile leso kichwani kama shosho. Nikachukua fimbo ya kuchunga. Nikakohoa kikohozi chake cha ugoro, nikapinda mgongo, nikasema kwa sauti yake, ile ya kukwaruza, nikimwita mama kwa jina lake:

"Marigu! Umesoma ya kutosha. Nyumba haikai bila mtu. Weka hiyo karatasi uje ushike mwiko."

Mama Ireri alianguka juu ya gunia kwa kicheko. "Uuuwi! Ni yeye kabisa! Ni Igoki mwenyewe!"

Tata Wanja hakucheka. Alikuwa anamwangalia dadake. Mama aliinama akaokota uteo, akaupepeta mara mbili hewani, mtupu, hauna hata ndengu moja. Kisha akasema polepole, "Haya. Mama amesema," akaingia ndani.

Nilidhani ameenda kuleta chai. Chai haikuja.

Jioni kabla ya chakula niliona ile barua imeondolewa kwenye meza, imefungiwa ndani ya sanduku la vitabu vya zamani, lile ambalo hufunguliwa panya akifa. Nikamwambia, "Aki mama, mimi nilikuwa nacheza." Akajibu, "Najua, Igoki." Hakuniita Mama. Aliniita Igoki, kama mwalimu anayesoma rejista.

Asubuhi ya Alhamisi tata Wanja alinishika mkono nje ya zizi.

"Nani alikufundisha yale maneno?"

"Hakuna. Niliyatunga."

"Hukutunga. Nenda Kiambere kwa wajina wako, umwambie ulivyosema. Neno kwa neno. Na usiongeze chumvi zako."

Nilifika kwa shosho mchana, jua likiwa limekaa juu ya bwawa kama sufuria ya mafuta. Alikuwa anafungua maganda ya kunde. Alifurahi kuniona, "Wajina! Umejiletea mwenyewe?", akanitengea kigoda. Nikamweleza. Nilipofika kwenye mwiko, mikono yake ilisimama.

"Rudia hapo."

Nikarudia, safari hii kwa sauti yangu.

Kuku wakaanza kula kunde mapajani mwake. Halafu akasema, "Umesahau kwamba nilikuwa nimesimama mlangoni."

Ndipo nikajua. Mama alipokuwa na miaka kumi na tisa aliitwa chuo kikuu. Barua ilikuwa juu ya meza. Shosho alikuwa na watoto wengine watano na guka, mume wake, alikuwa kitandani, mgonjwa, na Marigu ndiye aliyeshika nyumba. Shosho akasimama mlangoni na mwiko mkononi akasema yale yale. Miaka mitatu mama alishika mwiko. Kisha akaenda chuo cha walimu akaanza na cheti, na wawili hao hawakuongea juu ya barua ile tena. Mimi nilikuwa nimekaa na shosho sana, nimemwiga sana, nikamtoa mdomoni kitu ambacho hata yeye alikificha.

"Shosho, sikujua."

"Ndiyo kosa lako. Hukujua na ukajibu." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Hilo jina sikukupa ulifanye kinyago. Miaka yote hii nilikuwa najiambia nitaenda kwa Marigu niyarudishe yale maneno. Nitaenda baada ya mavuno, nitaenda baada ya mvua. Sasa wewe umeyasema upya, mbele ya watu, kwa kinywa chenye jina langu. Amenisikia mara ya pili."

Nilitafuta mzaha. Mimi huwa sikosi. Nilikosa.

"Kesho tunaenda wote," akasema. "Mimi na wewe tumekataza. Mimi na wewe tutaenda kusema."

Ijumaa shosho hakuwa wa kukimbizwa. Alianza na kupeleka mbuzi kwa jirani, akarudi kutafuta kiatu, akarudi kufunga mlango aliokuwa amefunga. Mimi kila dakika naangalia simu yake ya vibonyezo. Tulipoingia uani kwetu ilikuwa saa kumi na dakika kumi. Dakika hamsini.

Mama alitoka jikoni, akashtuka. "Mama, karibu." Tukaitikia wote wawili, mimi na shosho, kwa mazoea. Hakuna aliyecheka.

Akamletea kibuyu cha uji wa mawele. Shosho akakataa kukishika. Kwetu mgeni akikataa uji, watu huanza kuuliza nani amekufa.

"Marigu, nimekuja kuchukua maneno yangu."

Mama alibaki na kibuyu mkononi. "Uyachukue uyapeleke wapi? Yamekaa hapa miaka ishirini na saba."

"Nilikosa. Na huyu naye amekosa. Nenda ukasome. Nakuruhusu."

"Mimi pia," nikasema haraka. "Nakuruhusu kabisa."

Nilidhani hapo ndipo watu hukumbatiana, mwanangu. Mama aliweka kibuyu chini.

"Mnaniruhusu," akasema. "Kunikataza ni nyinyi, kuniruhusu ni nyinyi. Igoki mkubwa, Igoki mdogo. Mimi nitasema lini?"

Saa kumi na dakika ishirini na tano. Nilitamani kumwambia ashike simu kwanza, agombane baadaye. Mzaha mmoja ulinijia, mzuri sana hata leo naukumbuka, nikaumeza mzima mzima. Nikamuuliza kile nilichopaswa kuuliza Jumatano.

"Mwalimu. Wewe unataka nini?"

Akaketi kwenye kizingiti. Akatuambia juu ya Nyaga.

Nyaga ni mtoto wa darasa lake, wa miaka tisa, hasemi. Muhula wa kwanza kila siku alitoroka. Kengele ya shule ni rimu ya gurudumu la lori iliyotundikwa karibu na mlango wao. Ikigongwa, Nyaga anapasua mlango anakimbia hadi kwenye korongo la mchanga. Mama alidhani ni utundu. Akaanza kufunga mlango kwa komeo. Mtoto akawa anagonga kichwa ukutani, na mama anamshika kwa nguvu, mikono yote miwili, hadi anyamaze.

"Muhula mzima nilimshika hivyo," akasema. "Halafu wezi wa vyuma wakaiba ile rimu. Wiki moja hakuna kengele. Nyaga akakaa. Alikaa tu, anapanga vifuniko vya chupa. Ilikuwa ni sauti. Sauti ilikuwa inamuumiza, na mimi namfungia nayo. Wezi wa vyuma walimsaidia kuliko mimi mwenye digrii." Akajifuta kwa ukingo wa leso. "Sitaki cheo. Nataka mtoto mwingine akiletwa nijue siku ya kwanza. Na naogopa. Naogopa nitakaa na vijana na nisielewe. Naogopa kurudi nyumbani na mbuzi wamekonda na nyinyi mmekonda. Lakini nataka."

Shosho akasema, "Basi umesema." Hilo tu.

Mtandao kwetu hupatikana juu ya jiwe lililo nyuma ya choo. Saa kumi na dakika arobaini tulikuwa hapo: mama juu ya jiwe, mimi nimemshika kiuno asianguke, shosho chini anauliza, "Imeenda?" Kile kiduara cha simu kilizunguka, kikazunguka. Mama akabonyeza tena. "Imeenda?" Betri ilikuwa na alama moja nyekundu. Saa kumi na dakika hamsini na mbili akasoma kwa sauti ndogo, "Umekubali nafasi yako." Akaketi palepale juu ya jiwe, nyuma ya choo, msomi wa uzamili.

Ndipo shosho akaomba uji wake. Akanywa funda moja, akatutemea kidogo kifuani, mama kwanza kisha mimi, ndivyo wazee wetu hubariki. Mimi alinitemea zaidi. Nadhani ilikuwa makusudi.

Likizo ya Aprili mama alikuwa Meru darasani, na mimi nilipika githeri iliyoungua siku kumi na nane. Baba aliangalia mbuzi sana.

Kwa hivyo, mwanangu, nisikilize. Mzaha sikukatazi, ningekukatazaje mimi? Lakini mtu akikuuliza jambo kubwa akicheka, tazama macho yake kabla hujachukua leso. Hujui neno lako litamkuta wapi. Muulize kwanza yeye anataka nini, halafu nyamaza hadi amalize. Na siku ukiwa wewe ndiye mwenye barua mezani, ukijiuliza usome zaidi ama utosheke, usikusanye ruhusa za watu kama kuni. Jiulize ni nani anakungoja nyuma ya ule mlango, na kama unajua vya kutosha kumfungulia. Ukiona hujui, na moyo unauma kwa kutojua, nenda, hata ukiwa na mvi.

Ningekutemea uji kifuani lakini sweta lako bado jipya na matroni ananitafuta tayari. Basi pokea kwa maneno: Mungu akupe masikio makubwa kuliko mdomo. Barua zako zote zikukute nyumbani. Na ukisimama juu ya jiwe lako, betri isife.