Mrija Niliokunywa kwa Niaba ya Anastazia

Kama ningepewa siku moja ya kazi yangu niirudie, ningeirudia ile ambayo wazee walinipa mrija, nami ningeurudisha. Ningesema, "Mimi ni mganga, si ndugu wa huyu mwanamke, na mwenye jambo hajaulizwa." Ni maneno machache. Sikuyasema. Nilipiga goti, nikanywa.

Ninaandika kwa ajili ya vijana wanaosomea uganga na uuguzi, ambao huniuliza kazi ilikuwaje enzi zetu. Majina ya watu nimeyabadilisha, na kijiji sitakitaja kwa sababu wajukuu wa wahusika wanakaa hapo hapo. Anastazia na dada yangu niliwaomba ruhusa kabla ya kushika kalamu. Kosa peke yake nimeliacha kwa mwenyewe, yaani mimi.

Nilianza kazi miaka ya sabini nikiwa Mganga Msaidizi wa Vijijini. Cheo hicho siku hizi hakipo. Mwenye cheo hicho alikuwa mtu aliyemaliza shule ya msingi, akafundishwa kutambua maradhi ya kawaida, kushona majeraha na kuchoma sindano, kisha akapewa zahanati peke yake. Siku ya kwanza niliripoti Kibondo kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, mtu mrefu aliyezungumza huku akinawa mikono. Alinitazama viatu vyangu vipya akasema, "Vitadumu mpaka mvua ya kwanza." Kisha akanionyesha jiko la mafuta ya taa na sufuria ya kuchemshia sindano. Sindano wakati huo zilikuwa za kioo, zinachemshwa na kutumika tena. "Sindano isiyochemshwa ni panga," alisema. "Na jambo la pili, kijana. Mgonjwa akisema, sikiliza mpaka amalize. Ndiyo dawa ambayo bohari haiishiwi."

Nililiandika la kwanza moyoni. La pili nililiona kama mapambo ya hotuba.

Zahanati yangu ilikuwa upande wa Busunzu. Watu walikuwa wametoka tu kuhamishwa kutoka vilima vyao na kukusanywa katika kijiji kimoja, koo ambazo zamani zilitenganishwa na mabonde sasa zikichota maji kisima kimoja. Pamoja nao walikuwepo waliokimbia kutoka Burundi, ambao Kirundi chao na Kiha chetu vilielewana bila taabu. Nilitibu malaria, minyoo, kuhara na vidonda vya miguu. Vidonda tuliviosha kwa maji ya chumvi, tukavipaka ile dawa ya zambarau iliyomwacha mtoto na mguu kama ua. Nilikaa na mdogo wangu, Veronika, msichana mkubwa aliyekuwa akisubiri nafasi ya chuo cha ualimu. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, na mimi ndiye niliyemsomesha. Aliniita Kaka, kwa sauti ambayo hadi sasa ninaisikia.

Mkunga wa jadi wa kijiji alikuwa Mama Bibiana. Aliniita Daktari wa Vidonge. Nikipita kwake alikuwa akiwaambia wanawake, "Semeni haraka mnapoumwa, huyu ana masikio ya kukodi." Walicheka, nami nikacheka.

Asubuhi moja ya masika Mama Bibiana alikuja akiwa amemshika mkono Anastazia, mjane kijana aliyevuka mpaka peke yake baada ya kupoteza mume. Alikuwa amenajisiwa, na aliyemtendea hivyo alikuwa balozi wa nyumba kumi wa mtaa wake, yaani kiongozi ambaye ndiye mtu wa kwanza kupelekewa malalamiko. Nilimtibu majeraha yake kama nilivyofundishwa. Nilichofundishwa kilikuwa kidogo. Nilimhoji mlango ukiwa wazi na watu wakiwa kwenye benchi nje. Nilimgusa bila kumwambia ninataka kufanya nini. Mama Bibiana ndiye aliyeinuka akafunga mlango, akavua kitenge chake na kumfunika magoti.

Nilipomaliza, Anastazia alisema, "Daktari, wewe umeona."

"Nimeona."

"Basi watakapouliza, sema ulichoona. Sitaki kingine kwako."

Alichotaka kilieleweka. Alitaka yule mtu aulizwe mbele ya watu na aondolewe kwenye ubalozi, ili yeye aweze kwenda kisimani bila kupita mlango wa mtu mwenye amri juu yake. Kwa sababu alikuwa mgeni asiye na ukoo, neno lake peke yake lingepeperushwa. Langu lilikuwa na uzito wa serikali.

Katibu Kata, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa serikali karibu nasi, aliniita ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Alieleza kwamba kijiji ni kipya, kwamba koo zikigawanyika juu ya jambo hili watu watabomoa nyumba na kurudi vilimani, naye ataulizwa. Wazee walikuwa wameamua kulimaliza kwa chungu.

Lazima nieleze desturi hiyo. Pale kijijini, watu wakikosana vibaya, pombe ya ulezi ilitengwa katika chungu kimoja. Mkosaji alinywa kwa mrija, na ndugu wa kiume wa aliyekosewa akanywa kwa mrija ule ule. Baada ya hapo jambo lilikuwa limezikwa. Aliyekunywa hakuruhusiwa kulitamka tena popote, na akilitamka yeye ndiye mvunjaji wa amani. Kwa ugomvi wa mipaka ya mashamba au matusi ya harusini ilikuwa desturi nzuri, na niliiona ikiokoa watu wasikatane mapanga. Lakini chungu kilimhitaji ndugu wa kiume, na Anastazia hakuwa na ndugu.

"Utasimama wewe kama kaka yake," Katibu Kata alisema. "Umemtibu. Huna ukoo hapa, hakuna atakayesema umependelea. Ukinywa wewe, watatulia wote."

"Yeye amekubali?"

"Dada haulizwi pale kaka anapokuwepo."

Sentensi ile ilikuwa na shimo ambalo mtoto angeliona: kaka mwenyewe alikuwa ametengenezwa pale pale ili dada asiulizwe. Nililiona, na nikalipita. Nilikuwa kijana, wazee walikuwa wamenisogezea kigoda, na niliona fahari kuitwa mtu wa kuleta amani. Vilevile nilimwogopa Katibu Kata. Nikiwaambia vijana kwamba nilidanganywa nitakuwa nawadanganya mimi.

Tulinywa mchana, jua likiwaka. Wanawake walikuwa nyuma ya nyumba. Yule balozi aliniamkia "shemeji" kwa utani, watu wakacheka, nami nikatabasamu. Tabasamu lile hunirudia mara nyingi kuliko mrija.

Siku iliyofuata Anastazia alikuja kubadilishiwa dawa. Alikuwa ameshasikia. Alikaa kwenye benchi mpaka wote wakaondoka.

"Nani alikupa ukaka?" aliniuliza.

Nilianza kueleza habari za kijiji na amani. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, jambo ambalo mimi sikuwa nimemfanyia yeye.

"Nilikuwa na shahidi mmoja," alisema. "Sasa nina kaka, na shahidi sina."

Hakukata tamaa. Alitembea na Mama Bibiana hadi Kibondo mjini kutoa taarifa polisi, na koplo mmoja akaja na baiskeli kuniuliza. Hapo nilikuwa na nafasi ya pili. Nilimwambia kwamba jambo lile limekwisha kwa wazee na mimi nimefungwa mdomo na chungu. Alikuwa Mha kama sisi, akaelewa. Alikunywa maji, akapanda baiskeli yake. Balozi akabaki balozi.

Nyumbani nilimweleza Veronika kwamba nimeepusha ugomvi mkubwa. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, akaendelea kuchambua.

Uponyaji wa Anastazia, kwa hiyo, haukupita mikononi mwangu. Niliutazama kwa mbali, na mengi niliyokuja kuyatumia kazini niliyaona huko. Mama Bibiana alimhamishia kwake. Wanawake waliolima naye kwa zamu, leo shamba la huyu kesho la yule, walipanga bila kutangaza kwamba asiende kisimani peke yake; kila asubuhi kulikuwa na mtu aliyepita na mtungi wake akisema tu, "Twende." Hawakumwuliza kilichotokea. Walipukuchua mahindi pamoja naye, na siku aliyotaka kusema alisema, hata mara nyingi, hadithi ile ile. Mama Bibiana alikataza mtu kumwambia "sahau" au "shukuru u hai." Mwanamke mmoja aliyethubutu kuuliza kwa nini alikuwa amepita njia ile alijibiwa na Mama Bibiana, "Njia haikumshika." Kulikuwa na miezi ambayo hakula vizuri na siku ambazo hakutoka kitandani, nao walimlimia sehemu yake. Hakuna aliyemhesabia. Baadaye nilianza kusikia kicheko chake ng'ambo ya uwanja wa zahanati, kwanza kifupi, kisha kirefu. Na wanawake wengine, hata wa vijiji vya mbali, wakaanza kuja kwake kimya kimya na mambo yao. Zahanati hawakuja. Nilikuwa nimekunywa.

Nilihamishiwa Kasulu, hospitalini, chini ya Mganga Mfawidhi, ambaye ndiye msimamizi wa shughuli za kila siku. Nilipangiwa wagonjwa wa nje. Veronika alikuwa amemaliza chuo na anafundisha pande za Kitanga. Mwisho wa mwezi alikuwa akishuka kwa lori na kuniletea karanga au ndizi. Mwezi mmoja hakuja. Na mwezi uliofuata hakuja.

Kisha Anastazia akatokea dirishani kwangu, amemleta mwanamke mgonjwa kutoka Kibondo. Aliomba muuguzi wa kike, nikamwita. Alipobaki peke yake kwenye benchi, alinisogelea.

"Mdogo wako yuko kwangu," alisema. "Mzima. Amenituma nikwambie hilo, na kwamba usimfuate."

"Amepatwa na nini?"

"Lililonipata mimi. Mtu anayemfahamu. Hilo pia ameruhusu nikwambie, ili usisikie njiani."

Nilishika dirisha. Lori la Kitanga lilikuwa likisimama Kasulu mjini, mwendo mfupi kutoka mlango wa hospitali. Nilimwambia kwamba Veronika alipita hapa, alipita kabisa mlangoni kwangu, akiwa na maumivu, akapanda gari jingine kwenda Kibondo, na mimi ni kaka yake.

Anastazia alinitazama bila hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Alisema kwamba wewe ungemnywea," alijibu.

Baada ya siku ile nilibadili namna ya kufanya kazi. Vijana mnaonisoma, yachukueni haya kwa kuwa yamelipiwa. Mwanamke, mtoto au mwanaume aliyetendewa hivi akija, funga mlango. Mwite mtu anayemwamini, kama anataka. Mwambie unachotaka kufanya kabla ya kumgusa, na akikataa, simama. Mwamini. Mtibu mapema, maana siku hizi kuna dawa za kuzuia maradhi ambazo zinategemea kuwahi. Mweleze kwamba polisi sasa wana dawati la mambo haya, na umsindikize akitaka kwenda. Ukiulizwa ulichoona, kiseme. Usipatanishe. Hakuna mganga anayepatanisha kidonda na kisu. Na kumbuka kwamba dawa yako itakwisha ndani ya siku chache, lakini mtu wa kupita asubuhi na kusema "Twende" atahitajika kwa muda mrefu; mtafutie, kama hana.

Katika zahanati nyingine nilizopangiwa mpaka kustaafu niliyafanya hayo, na wapo waliorudi kunishukuru. Niliandika pia taarifa juu ya yule balozi, nikavunja mwiko wa chungu hadharani. Lakini alikuwa ameshahama na Katibu Kata ameshahamishwa, na aliyeipokea taarifa aliniuliza kwa upole kwa nini nilichelewa. Nilikwenda kwa Anastazia kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa viazi vitamu, akasema radhi ameipokea na kwamba hakuisubiri ili apone. Ni kweli. Alipona kwa mikono ya wengine.

Veronika naye alipona hivyo hivyo, kwa kupukuchua mahindi na wanawake wale kwenye ua wa Anastazia. Alirudi kufundisha, akaolewa na mtu mwema, akalea watoto. Leo amestaafu, anaishi Kasulu, si mbali na kwangu. Tukikutana kanisani ananiamkia kwa heshima zote na kuniuliza habari za presha yangu. Ananiita Daktari, kama watu wengine wote. Jambo lake hajawahi kunisimulia, na nimejifunza kutouliza.

Siku ile ya chungu nilikubali kuwa kaka wa mwanamke ambaye hakuniomba. Niliyekuwa kaka yake kweli alikuwa nyumbani, akichambua maharage, na alisikia. Gharama yake ndiyo hiyo: nilikuwa na dada mmoja, yu hai, na mimi si kaka yake tena.