Koleta anafufua mashine, Fredrick anasaini kadi

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, plota ya kuchapa ramani katika ofisi ya upimaji ya Mzee Hezroni, mjini Same, inakwama katikati ya kijiji. Nusu ya karatasi ina mipaka, korongo na njia ya ng'ombe. Nusu ya pili ni nyeupe. Hedi, ile sehemu inayomwaga wino ikienda na kurudi, imegonga ukingoni, ikalia kama bawaba mbovu, kisha ikanyamaza.

Koleta Mchome (34) anaweka ufagio chini.

Hasomi maandishi mekundu kwenye kioo. Anainama na kutega sikio ubavuni mwa mashine wakati ikijaribu kuamka tena.

"Haijafa," anasema. "Haijui ipo wapi tu."

Kwenye benchi ameketi Saruni, mfugaji wa tambarare, aliyekuja na gari la kwanza kuchukua ramani hiyo. Kesho saa nne kijiji chake na cha jirani vinakaa kikao kuamua ng'ombe wapite wapi kwenda majini. Bila ramani, anasema, watabaki kunyoosheana vidole na fimbo.

Mzee Hezroni anampigia fundi. Fundi, Fredrick, yuko Tanga, atafika Alhamisi. Sauti yake kwenye simu inasikika hadi mlangoni: "Hedi zimekufa hizo, mzee! Andaa milioni tatu tubadilishe zote. Na huyo dada asiguse kitu."

"Huyo dada" ndiye aliyeiweka hai mashine hiyo kwa miaka minne.

Koleta alizaliwa Myamba, kwa wakulima wa tangawizi. Alimaliza darasa la saba, akakaa nyumbani, kisha akashuka Same kufanya usafi na kupika chai katika ofisi hii. Bado ndivyo kitabu cha mishahara kinavyomtambua: mhudumu, shilingi 180,000 kwa mwezi.

Kila Fredrick alipokuja, Koleta alikuwa na kitu cha kufuta karibu na pale. Fundi akifungua skrubu, yeye anapiga deki. Fundi akiitoa hedi, yeye anafuta dirisha lililo juu yake. Jioni alichora katika daftari kila skrubu ilikotoka na kila mrija ulikoelekea.

"Aliniambia sogeza ndoo, nikasogeza," anakumbuka. "Macho hakuniambia nisogeze."

Alichogundua hakikuwa kwenye kitabu chochote cha mashine. Mzee Hezroni ni Msabato, tena wa kushika kweli kweli. Ijumaa, kabla jua halijazama, anashusha swichi kuu ya ofisi. Haanzi na kitufe cha mashine. Anashusha swichi tu, paa! Umeme haurudi mpaka Jumatatu.

Plota ya wino haitaki hivyo. Ikizimwa kwa kitufe, hedi inarudi kwanza kwenye kifuniko chake ili wino usikauke, na ikiachiwa umeme inajisafisha yenyewe kidogo kidogo. Ikikatwa ghafla, hedi inabaki wazi siku mbili kwenye joto na vumbi la Same. Jumatatu ina kiu na ni kipofu.

"Nimemwambia mara ngapi! Nikamwambia, Baba, funga ofisi, nenda kasali, mimi siombi kazi siku hiyo. Bonyeza kitufe tu, uuache umeme," anasema Koleta, ambaye humwita bosi wake Baba.

"Chini ya paa langu, Sabato kila kitu kinapumzika," anajibu Mzee Hezroni kutoka mezani kwake, bila ukali.

"Na friji ya nyumbani, Baba?"

Saruni anacheka mpaka anashika shuka lake lisidondoke. Mzee Hezroni anavua miwani na kuifuta.

Koleta anafungua mfuniko. Ndani, kutoka ukingo hadi ukingo, umetandazwa utepe mwembamba wa plastiki unaong'aa. Huo ndio unaoiambia hedi imefika wapi. Leo hauonyeshi kitu, umevaa vumbi jekundu. Anaufuta taratibu kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo tu, akienda upande mmoja, maana ukikwaruzika ndiyo basi. Kisha anasafisha kifuniko cha hedi, anatoa wino ulioganda kama ugali wa jana, na kuziegesha hedi, kila rangi na yake, juu ya kitambaa chenye maji yaliyochujwa, ya uvuguvugu.

Anasubiri dakika ishirini bila kugusa kitu. Mtu mwenye haraka, anasema, hushika spiriti na kusugua, na hapo ndipo hedi inapokufa kweli.

Saa nne na dakika kumi, mistari ya majaribio inatoka. Wa bluu una mapengo mawili. Anarudia kusafisha. Mara ya pili imetimia yote. Ramani ya Saruni inaanza upya, na safari hii inafika mwisho.

Hakuna hedi iliyonunuliwa. Ile milioni tatu ilikuwa ya nini?

Ubavuni mwa plota inaning'inia kadi ya matengenezo. Tangu mashine iletwe imesainiwa mara kumi na moja, na saini zote ni za Fredrick. Koleta anahesabu nane ambazo mashine iliponywa kwa mikono yake, fundi akaja siku tatu baadaye, akaiwasha, akasaini, akachukua 350,000. Yeye alipewa 15,000 ya soda.

Hii si hadithi ya soda. Julai ofisi itatoa mkataba wa mwaka mzima wa kuitunza plota, na Koleta anautaka. Atakayepewa atachaguliwa kwa kuangalia kadi ile na cheti. Kwenye kadi hayumo. Cheti hana. Ina maana aliyefanya kazi ataendelea kushika ufagio, na aliyechelewa ndiye ataitwa mtaalamu.

Mzee Hezroni anaikagua ramani, anaridhika. "Fredrick akija Alhamisi atasaini," anasema.

Koleta anafuta mikono, anachukua kalamu mezani na kuandika kwenye mstari wa kumi na mbili: tarehe, utepe, kifuniko, hedi. Kisha jina lake, kamili.

"Koleta, mwanangu, hiyo kadi ni ya mafundi."

"Ndiyo maana naandika, Baba."

Saruni anaikunja ramani yake na kuinuka.

"Mzee, shikamoo yako nilishaitoa, sasa nisikie. Ng'ombe wangu akipona, namkumbuka aliyemtibu. Huyo wa kwenye simu simjui mimi."

"Mambo ya ofisi hayo, rafiki yangu."

"Na mimi nimelipa ofisini."

Mzee Hezroni anaitazama kadi. Halifuti jina. Lakini hamung'unyi maneno: jina litabaki, mkataba hauwezi kwenda kwa mtu asiye na cheti. "Nitawaeleza nini wateja? Kwamba plota yangu inatibiwa na mpika chai?"

"Waeleze inachapa," anasema Koleta.

Wiki iliyopita alikwenda kuulizia mtihani wa ufundi kwa waliojifunzia kazini. Fomu ilikuwa na magari, ushonaji, uashi, umeme wa majumbani. Plota haikuwemo. Karani akamshauri ajaze ushonaji ili apate angalau karatasi. Koleta akaomba fomu nyingine, akachora kisanduku chake mwenyewe chini ya vile vingine, akaandika "mashine za kuchapa ramani na mabango", akaweka tiki. Imepokelewa. Anasubiri kuitwa.

Akifaulu, hataishia kwenye mkataba wa Mzee Hezroni. Anajua mashine tano za aina hii kati ya Mwanga na Bendera, mbili zikiwa zimefunikwa vitambaa na kuitwa chuma chakavu. Anataka kupanga chumba kimoja karibu na stendi na kuandika mlangoni kazi yake.

Mtihani wenyewe haumtishi. Ana ombi moja kwa watakaomsimamia.

"Wasiniulize kwa mdomo mashine inafanyaje kazi," anasema. "Waniletee iliyowashinda."