Mwanamke Aliyekaa Juu ya Mwamba

Kila nikimchongea binti yangu penseli, ile harufu ya mbao hunirudisha kijijini Bahati, kwa shamba la shosho, nyanya yangu, ambalo zamani lilikuwa la mzungu.

Tulikuwa tunachimba viazi pale nyumba ya mzungu ilipokuwa, nikaokota sarafu ya kijani, nzito, imelika kando. Nikampelekea mwalimu wetu wa historia. Aliilaza mezani, akaweka karatasi juu yake, akanipa penseli.

"Pitisha polepole. Usiniambie unachodhani, niambie unachoona."

Niliona mwanamke amekaa juu ya mwamba, amevaa taji la minara. Miguuni pake mtu anaogelea. Mwalimu akafungua kitabu chake, akalinganisha picha.

"Huyu mama ni mji. Taji ni ukuta wake. Anayeogelea ni mto. Hii ni pesa ya majimbo ya Warumi, mtoto wangu."

Akaniomba aende nayo Nairobi ikaangaliwe.

Jumatatu alinirudishia senti kumi ya mkoloni, ile yenye tundu katikati.

"Mwalimu, si hii."

"Ni hii uliyoniletea."

Nililia mpaka mama akaitwa shuleni. Nikamwonyesha karatasi: mwanamke, mwamba, mto, na hakuna tundu popote. Hata hakuishika.

"Mwalimu hawezi kudanganya. Omba msamaha, halafu umshukuru."

Mwalimu alikuwa ameinamisha macho, akiitazama ile karatasi aliyoniwekea kwa mkono wake.

Nikasema asante.