Friza Isiyolala

Silvana hajawahi kukaa kitako akamaliza kikombe cha chai. Atakunywa nusu, atainuka kwenda kuona kama banda la kuku limefungwa, atarudi apige funda moja, kisha huyo, ameshatoka tena kwenda kuchungulia mita ya umeme. Pale Milanzi, mjini Sumbawanga, walikuwa wamemzoea. Mwalimu Lydia, mpangaji wa chumba cha uani, alikuwa akisema kwamba mama huyu akifa kaburi lake itabidi liwekewe mlango, maana hatakubali kulala humo bila kutoka kuangalia nje.

Kilichomtoa mjini ni mwanawe wa pekee, Fortunata, aliyeolewa kule bondeni Milepa, kwa Wasukuma wenye ng'ombe. Fortunata alipojifungua, Silvana alishuka kumlea uzazi, kama mama yeyote. Arobaini ikaisha. Mtoto akaanza kumjua bibi yake kwa sauti, akawa anageuza kichwa akimsikia mlangoni. Kurudi Milanzi kukawa kama kujing'oa jino zima.

Lakini angekaaje? Mama wa mke kukaa kwa mkwewe, ana afya yake na mikono yake, ni jambo la kumwinamisha mtu kichwa. Mboje, mume wa Fortunata, kijana mwenye adabu zake, kila akimwona mama mkwe anakuja njia hii yeye anashika ile, kofia mkononi, mpaka ikawa mwenye nyumba ndiye anayezunguka nyumba yake kama mgeni. Na Silvana naye, kila tonge la ugali wa nyumba ile lilimkaa kooni. Akajiambia kwamba akitaka kubaki Milepa ni lazima apange chumba chake, awe na jiko lake na kazi yake.

Kazi alikuwa nayo, ila ilikuwa Milanzi. Alikuwa na friza kubwa nyeupe, aliyoinunua enzi akiwauzia wanafunzi barafu za ubuyu. Sasa barafu na Ufipa ya juu wapi na wapi? Ikifika mwezi wa sita watu wanatembea na makoti mawili, mtoto ukimpa barafu mama yake anakuja kukusema. Bondeni ni kitu kingine. Jua la Milepa linakupiga tangu asubuhi, na wachuuzi wa samaki kutoka ziwani wanapita wakitafuta barafu ya kufungia mzigo.

Tena, watu wote walikuwa wakisema umeme wa kijijini ni wa bei ya chee. Alilisikia sokoni, akalisikia baada ya misa, akalisikia hata kwa fundi aliyemtengenezea soketi. Umeme wa chee, jua kali, wateja njiani: mtu atake nini zaidi? Akapanga chumba, akapanda Milanzi kuifuata friza, akapata lori lililokuwa linashuka kufuata mpunga, friza ikafungwa kamba juu yake, na yeye akakaa mbele na dereva, akivua sweta kadiri mlima ulivyokuwa ukiisha.

Siku za kwanza biashara ilimchekea. Halafu mita ikaanza kuwasha taa nyekundu. Ananunua umeme, anaingiza namba, anashukuru Mungu. Hajakaa sawa, taa hiyo. Pesa ambayo Milanzi ingemkalisha mpaka asahau mara ya mwisho alinunua lini, hapa iliyeyuka pamoja na barafu zenyewe. Alizima taa ya chumbani akawa anapapasa gizani. Akamshuku anayeuza umeme, akahamia kwa mwingine. Akaufuata waya kwa macho kutoka nguzoni hadi ukutani, akizunguka nyumba, kuona kama kuna mtu amechomekea wake.

Ngeleja, baba yake Mboje, alikuwa akipita na maziwa akamkuta ameinua shingo chini ya waya.

"Mzazi mwenzangu," akamwambia, "mimi nina ng'ombe zizi zima na siwahesabu kama unavyoihesabu hiyo mita. Siku itakuja ikupige teke."

Silvana alicheka kidogo kwa heshima, lakini usingizi ulikuwa umemhama. Akaanza kuwapigia simu ndugu, mmoja baada ya mwingine. Binamu yake Theodory, anayefanya kazi Kasesya mpakani, akamtajia bei ya uniti moja. Dada yake Epifania wa Makambako akamtajia ile ile. Mpwa wake aliyeko Dar es Salaam, ile ile. Silvana akabisha, akamwambia Epifania aangalie vizuri, avae miwani. Epifania akamwambia miwani anayo na bei ni hiyo, mjini na kijijini. Kilichokuwa rahisi kijijini ni kuvutiwa waya. Kinachopita ndani ya waya ni bei moja kwa wote wa kundi lake. Tena akizidisha matumizi atatolewa kwenye kundi la watumiaji wadogo, apandishwe bei.

Silvana alikuwa amelibeba friza lote lile juu ya lori kwa ajili ya bei ya waya. Aibu ilimpanda, na ili asikate simu vibaya akauliza chochote kilichomjia. Akauliza mbona kwa dada yake kimya hivyo, au friji imeharibika.

"Ipo hapa pembeni yangu," Epifania akasema. "Imelala."

Neno hilo likamgeuza shingo. Friza yake ilikuwa ikinguruma nyuma yake, na hakukumbuka kuisikia imenyamaza tangu ateremke. Kule Milanzi ilikuwa inaunguruma kidogo, inajikohoza, halafu inalala muda mrefu, maana hewa yenyewe ya Ufipa ilikuwa inaisaidia. Akaweka kiganja ubavuni mwake. Ilikuwa ya moto kama kipaji cha mtoto mwenye homa. Alipompigia tena mpwa wake na kumuuliza, safari hii, si bei bali kama friji yake inalala, kijana akacheka: "Dar, mama mdogo? Huku hailali friji, hailali feni, na mimi silali."

Basi akajua. Bei ni moja, ila joto ndilo linalokula. Na alipotazama vizuri akaona kwamba siku hizi anauza barafu ili anunue umeme wa kugandisha barafu nyingine, na chumba bado hajakilipia. Akaanza kukunja nguo. Lori la mpunga lilikuwa linapanda kesho yake.

Fortunata alikuja na mtoto mgongoni, akasimama mlangoni akiangalia ule mkoba.

"Mama, si uje ukae kwetu? Mboje hana neno."

"Mboje hana neno," Silvana akajibu, bila kuinua macho. "Neno ninalo mimi."

Fortunata alimvuta mtoto juu kidogo mgongoni, na mtoto aliposikia sauti ya bibi akageuza kichwa.

Kesho yake watu wanne walikuwa wakiipandisha friza garini, Silvana akiwazunguka kama kuku aliyepoteza kifaranga, mkoba kwapani. Ngeleja alisimama na fimbo yake akiangalia. Akauliza ni nini kinachopanda. Akaambiwa friza, haiwezi joto.

"Na wewe, joto umelishindwa?"

Silvana akasema hapana, yeye joto analiweza.

"Sasa mbona mgonjwa ni mmoja na mnapanda wawili?"

Wabebaji wakacheka. Silvana hakucheka. Alisimama, na kwa mtu aliyemjua, kule kusimama tu kulikuwa habari. Kisha akauweka mkoba chini, akatoa simu, akampigia Mwalimu Lydia.

Walikubaliana hivi: friza ikalale Milanzi, Lydia ajaze maji kwenye mifuko na kugandisha, barafu zifukiwe kwenye makapi ya ulezi yaliyobaki stoo, zishonewe gunia, zipewe konda wa basi linaloshuka. Faida wagawane.

Siku ya gunia la kwanza chumba kilikuwa kimya mpaka kikamtisha. Fortunata alimletea chai. Silvana akanywa nusu, akaenda barabarani, basi hakuna. Akarudi, akaenda tena. Fortunata akamkabidhi mtoto ili apate kutulia, naye akaenda barabarani na mtoto. Basi lilifika jua limeshapinda. Lilikuwa limepata pancha mlimani. Gunia lilikuwa linachuruzika. Silvana akalipasua palepale, akachimba makapi kwa vidole. Za pembeni zilikuwa maji matupu, lakini za katikati zilikuwa ngumu kama mawe, na mchuuzi wa samaki aliyekuwa akisubiri akazibeba bila kuuliza sana. Mtoto alipewa kipande akilambe, akakunja uso.

Walirudi polepole. Kikombe kilikuwa palepale alipokiacha. Kule Milanzi kingekuwa kimeshaota utando wa baridi. Milepa chai haipoi upesi. Silvana akakaa, mtoto mapajani, akaimaliza.