Mama Caiwei na Mfalme Aliyeoza

Uvundo ule bado naupata puani hata nikiwa napika. Nimemwaga siki, nimefukiza ubani, wapi! Mfalme wetu alinuka samaki aliyesahauliwa ndani ya birika la shaba. Na watu wazima wenye ndevu zao walipanga mstari kumsujudia. Ptu!

Lakini niliyetaka kumsimulia ni jirani yangu, Mama Caiwei. Yeye na mumewe, Geng, walikuwa walinzi wa misafara. Walilala jangwani na ngamia, wakapigana na majambazi huko magharibi kwenye miji ambayo sisi hata majina yake hatuyajui. Mama Caiwei alikuwa na sikio moja tu. La pili lilikwenda na panga la mtu. Reli na bunduki zilipoua kazi yao, wakahamia kijijini kwetu na binti yao wa pekee, Caiwei. Wakakaa miaka na miaka, wakachangia kila mazishi na kila harusi, na bado waliitwa wageni.

Kila asubuhi alikuja kununua tofu kwangu, ile jibini ya soya, na kila asubuhi aliitukana.

"Mama Lingzi, hii tofu au sabuni?"

"Kaoshee hilo sikio lako moja, kisha uniambie."

Ndivyo tulivyopendana. Katika dunia hii hakutaka kitu ila kimoja: Caiwei wake akue salama, aolewe, azeeke.

Mwaka ule mvua iliporomosha kilima chenye kaburi la kale, akatoka yule mfalme aliyezikwa humo. Alikuwa amevikwa vigae vya jiwe la kijani toka utosini hadi vidoleni, vimeshonwa kwa uzi wa dhahabu, na kila alipopiga hatua kitu cheusi kilimchuruzika kwenye mishono. Visima vyote vikageuka usaha. Wanaume waliomwendea na majembe aliwavunjavunja kama kuni. Kisha akaenda kuketi hekaluni, akaanza kuguna.

Kuguna tu! Lugha yake hakuna aliyeijua. Lakini Mzee Diao, mkuu wa kijiji, alisikiliza, akakunja uso, akatangaza: "Mfalme anataka mke."

"Amesema saa ngapi, mzee?" nikamuuliza.

"We muuza tofu, maiti asiyetulia anataka nini kingine? Kijana akifa kapera si tunamtafutia bibi harusi wa kuzikwa naye?"

"Hao mabibi harusi huwa wafu wenzao!"

"Na huyu akishafika kaburini si atakuwa mfu?"

"Ni nani huyo? Binti yako?"

Akacheka. "Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone."

Wanaume wote waliokusanyika wakacheka. Mume wangu naye alicheka, nikayaona meno yake.

Basi wakakimbilia masanduku yao. Wafalme walipoondolewa, serikali mpya iliwakata wanaume mikia yao ya nywele, ile misuko mirefu waliyofuga kwa amri ya wafalme, nao wakaificha kama mali. Sasa wakaitoa, wakanyoa mbele ya kichwa kama zamani, wakafunga mikia kisogoni kwa uzi, ili wapendeze machoni pa mfalme. Mkia wa mume wangu ulikuwa umeliwa na nondo. Aliupaka mafuta ya nguruwe, akaniuliza kama unang'aa. Kefule!

Akina Geng walikuwa wamekwenda bonde la pili kuchota maji safi, maji ya kijiji kizima. Walipokuwa huko, watu wakamvalisha Caiwei nguo nyekundu, wakamfunga mikono, wakampeleka hekaluni. Nilishika njia ya bondeni mpaka nikakutana na wazazi wake.

"Mama Caiwei, wamemchukua mtoto! Wanamwoza maiti!"

Alitua ndoo. Hakuuliza ni nani. Walipita mbio, mimi nikafuata nikihema.

Tulipofika, wazee walikuwa wamepiga magoti, vipaji vya nyuso vimenyolewa, mikia inaning'inia. Mfalme akainua kichwa, akawaona. Sasa fikiri: mikia ile ilikuja karne nyingi baada ya yeye kufa. Enzi zake, wenye nywele za namna hiyo walikuwa wapanda farasi wa kaskazini, adui zake wa damu. Alinguruma vumbi likaanguka darini. Kofi moja tu, Mzee Diao akatema meno. Wengine wakatimka na suruali zimelowa, wakamwacha mtoto palepale. Wanaume hao!

Mfalme akamshika Caiwei kifundo cha mkono, akaanza kumburura kuelekea kaburini.

Geng alimkata njia na rungu lake la safari. Likavunjika. Akarushwa ukutani, mbavu zikalia. Mama Caiwei akamrukia mfalme mgongoni na kisu, kisu kikateleza juu ya mawe. Akatia mkono shingoni penye mwanya, ukazama hadi kiwiko. Alikuwa akitapika huku akipigana, na hakumwachia. Hapo ndipo alipouona ule ushonaji kwa karibu. Kwetu kila vuli wanawake tunafumua mishono ya mafarishi, yale matandiko ya pamba, tuyafue, na mwanamke yeyote anajua: usipambane na kitambaa, tafuta fundo.

"Caiwei! Fanya kama farishi, mwanangu! Fumua!"

Mikono ya mtoto ilikuwa imefungwa. Akainama kwenye ule mkono uliomshika, akalitafuta fundo kwa meno, akaliuma, akavuta. Uzi ukaja. Ukaja tu, kigae baada ya kigae, kiganja, bega, kifua, na ndani hapakuwa na kitu cha kusimama peke yake. Mfalme alimwagika. Alimmwagikia mtoto kichwani, kinywani, kila mahali.

Nilidhani nimeona uchafu wote. Bado! Wanaume walirudi. Walipiga magoti tena, safari hii ndani ya ule uozo, wakichakura dhahabu kwa mikono miwili, na mikia yao ikiburuzika humo. Mzee Diao, damu mdomoni, akamletea Mama Caiwei konzi ya vigae.

"Fungu lenu hili, shemeji. Mtoto amepona, yameisha."

Mama Caiwei alikuwa akimfuta binti yake ulimi kwa mkono wa nguo yake. Hakuinua kichwa. "Yule mfu hakumjua mwanangu," akasema. "Nyinyi mmekula naye kila mwaka mpya."

Kabla ya jua kutua walikuwa wamempakia mizigo nyumbu wao wa safari. Nikamuuliza wanakwenda wapi.

"Jangwani. Jambazi wa kule ukimwona unajua ni jambazi."

Nikarudi nyumbani nikilia. Nilimkuta mume wangu amemwaga vigae juu ya ubao wangu wa tofu, vidole vinanuka, anataka chakula. Nikampakulia tambi. Binti yetu Lingzi akammiminia chai.

"Kilima cha pili nacho kimepasuka," akasema huku akitafuna. "Mzee Diao amekwenda kuangalia. Anasema humo namo mna mtu anaguna." Akavuta tambi, akameza. "Tatizo sasa wageni hatuna."

Akamtazama Lingzi, kisha akainamia bakuli lake.

Nilimshika mwanangu mkono, tukatoka. Nyumbu wa akina Geng alikuwa hajafika mbali.