Mkate wa Maembe Alipokuja Anti Mwende

Juzi, katika hoteli moja mjini Machakos, niliona mteja akiletewa mkate uliookwa kwa mayai na maembe, nikamkumbuka Anti Mwende, mdogo wake mama.

Alishona nguo katika kiwanda huko Athi River, na kwetu Katangi alikuja wakati wa Krismasi tu. Lakini alasiri moja, nikiwa bado mtoto, alifika katikati ya wiki, akiwa na sanduku lake, na haikuwa Krismasi. Mama hakumuuliza kitu. Aliloweka vipande vya mkate mkavu katika maziwa na mayai, akavipanga kwenye sufuria pamoja na maembe, kisha akaweka makaa juu ya kifuniko. Harufu ya sukari inayoungua ilijaa jikoni.

Mimi nilidhani ni sherehe.

“Kula, Mwende,” Mama alisema. “Hapa uko na nyumba.”

Niliposhiba nikamwambia, “Anti, ukirudi kazini usikae sana. Uje tena tupikiwe hii.”

Mama aliinamisha kichwa. Sikujua kwamba kiwanda kilikuwa kimefungwa na wafanyakazi wote wameambiwa waende nyumbani.

“Sitakaa,” Anti alinijibu, akanipa kipande chake.