Nilivyolipeleka Goti Maposeni kwa Baiskeli

Kila mtu nilimwambia nakwenda Maposeni kumsalimia mama mkwe. Ukweli ni kwamba nilikwenda kulijaribu goti. Tangu masika goti langu la kushoto lilinikatalia kukimbia, na mimi bila mbio huwa nagombana hata na sufuria. Daktari aliniambia ninunue baiskeli nijenge miguu kwanza, kisha nijaribu kukimbia kidogo, ila nisikimbie siku mbili mfululizo. Goti likikataa tena, alisema, basi mbio niziage. Maneno hayo nililala nayo na kuamka nayo.

Mfaranyaki, Jumamosi asubuhi. Baridi ya kipupwe hapa Songea haina adabu. Nilimwomba mume wangu twende wote, maana kwao hajafika tangu mahindi yapandwe. Akasema kazi zimembana, akanisindikiza hadi kwenye lami, akacheka nilivyoyumba, akarudi kulala. Vijana wa bodaboda wakanitania kwamba mwalimu kaishiwa nauli. Nikawajibu kwamba wao wana mafuta, mimi nina ugali.

Barabara ya Mbinga. Hapo ugeni wangu ukaonekana. Mkimbiaji akiona mlima anaukabili, basi nami nikaukabili kwa gia nzito, nimesimama kwenye pedali kama mtu anayekanyaga udongo wa matofali. Juu nilifika, lakini mapaja yalitetemeka na goti likaanza kuniuma kwa mbali. Niliogopa, jamani. Nikashuka, nikanywa maji, nikajisema vibaya. Milima iliyofuata niliipanda kwa gia nyepesi, na palipozidi nikashuka na kusukuma. Bibi mmoja aliyejitwisha kuni alinipita, akanipa pole. Nikaipokea.

Maposeni, mchana. Nilijifunga kitenge juu ya suruali kabla ya kufika, maana kwa mkwe hufiki hivi hivi. Nikapiga magoti, nikamwamkia shikamoo. Mama alinitazama, akaitazama baiskeli, akaniuliza kama magari yamekwisha Songea. Halafu akauliza mwanawe mbona hakuja. Nikamtetea, kwa shingo upande. Akanipa maji ya moto ya kuoga na ugali kwa maharage, akasimama karibu mpaka nikamaliza.

Jumapili, alfajiri. Nilitoka kimya kimya, ukungu umetanda kwenye mabua ya mahindi. Nikaanza kukimbia taratibu, kila hatua nikiiombea. Goti likatulia. Nikapita kisimani, nikapita nyumba za watu, goti bado limetulia. Watu walitoka milangoni kunitazama, nami nikawapungia mkono huku machozi yananitiririka kwa furaha. Sikufikiria wao wanaona nini.

Niliporudi nilikuta ua umejaa akina mama, khanga viunoni, wengine na kuni, mmoja na beseni la unga. Kijijini mtu mzima hakimbii alfajiri huku analia ila kuna msiba. Walimwona mkwe wa nyumba hii, wakaja kuomboleza mtu ambaye hata hawajatajiwa. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati, mikono kichwani.

"Ni mwanangu?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Mwanao mzima kabisa. Ni goti langu, limepona."

Akaketi chini palepale. Nikapiga magoti mbele yake kuomba radhi, aibu imenijaa mpaka masikioni. Mama mwenye beseni akawauliza wenzake kama kweli mtu analia kwa sababu amepona. Hapo mmoja akaangua kicheko, wote wakafuata, na mama mkwe akawa wa mwisho kucheka na wa mwisho kunyamaza. Kisha akasema unga uliokwisha kutoka haurudi, upikwe. Tukanywa uji, tukaenda misani pamoja.

Kurudi, baada ya misa. Mama aliufunga unga uliobaki kwenye keria ya baiskeli, akaukaza kwa kamba mwenyewe.

"Mpelekee mume wako," alisema. "Mwambie leo nimeshamlilia. Sasa aje nimwone."

Milima niliipanda polepole, bila papara. Kukimbia tena nilisubiri hadi Jumanne, kama daktari alivyotaka, na goti halikuuma. Nimejifunza pia kwamba ukitaka kukimbia kwa watu, aga kwanza.

Ujumbe niliufikisha kama nilivyopewa. Mume wangu aliupeleka ule unga jikoni mwenyewe. Jumamosi iliyofuata tulikuwa wawili barabara ya Mbinga, yeye mbele kwenye baiskeli ya kuazima, anaukabili mlima kwa gia nzito, nami nyuma namwambia ashuke asukume.